Hakuna Mama wa Kulaumiwa: Maisha ya Profesa Jérôme Lejeune

Mtoto anapozaliwa akiwa tofauti na ndugu zake, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani huwa ni moja tu: kosa ni la nani? Swali hilo ni la zamani sana, wala halikuulizwa katika taifa moja peke yake. Wengine wamemshtaki mama, wengine ukoo wake, wengine jirani mwenye kijicho, wengine mizimu iliyosahauliwa. Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Profesa Jérôme Lejeune, tabibu Mfaransa aliyefariki mwaka 1994, ambaye kazi yake ilisaidia sana kulijibu swali hilo. Huenda wasomaji wengine wamekwisha kulisikia jina lake kanisani, hasa tangu Januari 2021, Baba Mtakatifu Fransisko alipotambua rasmi kwamba mtu huyu aliziishi fadhila za Kikristo kwa ushujaa. Lakini si nyumba nyingi zilizoelezwa aliyoyafanya, aliyoshindwa kuyafanya, na yale waliyoyagundua wengine baada yake.

Twaziandikia jamaa zote za nchi yetu, ila mawazo yetu yaelekea hasa mkoani Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti. Huko, toka mpakani Sirari hata Mugumu, Wakurya na jirani zao wamehifadhi desturi ya kutoa ng'ombe kwa ajili ya mke, na uzazi ni heshima kubwa ya nyumba. Desturi yenye heshima yaweza vilevile kuwa mzigo. Mahali ambapo ng'ombe wamehama zizi hili kwenda zizi lile, mtoto aliyezaliwa na ulemavu si jambo la baba na mama peke yao. Laweza kufika kwa wakwe, na koo mbili zikaketi kuulizana. Katika baraza la namna hiyo ni rahisi mno mama kuwa mshtakiwa asiye na mtetezi. Kwa ajili ya mama huyo, na kwa ajili ya wazee watakaoketi kumwamua, yafaa maisha ya Lejeune yajulikane.

Watoto tunaowanena ni wale wenye hali iitwayo Down. Mara nyingi mtoto wa namna hii huzaliwa na mwili mlegevu, macho yaliyoinuka kidogo upande wa nje, shingo fupi, na pengine mstari mmoja tu unaokata kiganja cha mkono. Huchelewa kuketi, kutembea na kusema. Akili yake hukua, lakini kwa mwendo wa polepole. Karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na kasoro ya moyo. Duniani kote hupatikana mtoto mmoja kama huyo katika kila watoto 700 hadi 1,000 wanaozaliwa, wala haichagui taifa, rangi wala utajiri. Basi hakuna sababu ya kudhani kwamba tarafa yoyote ya Tarime au ya Serengeti imeepushwa.

Jina hilo latokana na daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hii mwaka 1866. Kwa bahati mbaya, Down alidhani kwamba watoto hao wamerudi nyuma na kuwa mfano wa watu wa taifa jingine, yaani Wamongolia, akawaita kwa jina hilo. Kosa hilo liliwadhalilisha watoto na kulitukana taifa zima, likadumu karibu miaka mia. Kadhalika kwa muda mrefu madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba hali hii haipatikani kwa Waafrika, au ni adimu mno. Ng'ambo ya Ziwa letu, huko Uganda, madaktari wawili, Luder na Musoke, ndio walioandika mwaka 1955 katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za watoto wa Kiafrika wenye hali hiyo. Watoto walikuwapo siku zote. Waliokosekana ni watu wa kuwatazama vema.

Jérôme Lejeune alizaliwa tarehe 13 Juni 1926 huko Montrouge, mji ulio kando ya Paris. Ujana wake ulikutwa na vita kuu ya pili ya dunia. Alijifunza utabibu, akapata shahada yake mwaka 1951, na mwaka uliofuata akamwoa Birthe Bringsted, binti wa Denmark, wakajaliwa watoto watano. Alianza kazi chini ya Profesa Raymond Turpin, bingwa wa magonjwa ya watoto, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa ameshuku kwamba asili ya hali ya Down imo katika kromosomu. Turpin akamkabidhi kijana huyo watoto hao awachunguze. Lejeune alianza kwa kuyasoma mistari ya viganja vyao, akaona kwamba mistari hiyo huchorwa mimba ikiwa bado changa. Kwa hiyo chanzo cha hali hii sharti kiwe cha mapema sana, kabla mama hajala, hajanywa, wala hajatenda lolote ambalo watu wangeweza kumlaumia katika miezi ya mwisho ya mimba.

Hapa hatuna budi kueleza kromosomu ni nini. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ambazo wataalamu huziita seli. Ndani ya kila seli mna nyuzi nyembamba zilizobeba maagizo yote ya kuujenga mwili, tangu rangi ya macho hata utendaji wa ubongo. Nyuzi hizo ndizo kromosomu. Kwa miaka mingi wataalamu walizihesabu wakasema ni 48. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi huko Lund, Sweden, walionyesha kwamba ni 46, yaani jozi 23: katika kila jozi moja hutoka kwa baba na moja kwa mama. Tangu hapo iliwezekana kuuliza kama wagonjwa fulani wana hesabu nyingine.

Jibu la swali hilo lilipatikana Paris, katika hospitali ya Trousseau, nalo halikuwa kazi ya mtu mmoja. Hapo yatupasa kumtaja kwa heshima Dakta Marthe Gautier, binti wa wakulima, aliyezaliwa mwaka 1925. Huyu alikuwa amekwenda Boston, Marekani, kujifunza magonjwa ya moyo ya watoto, na huko akajifunza pia namna ya kukuza seli ndani ya chupa. Aliporudi mwaka 1956 alijitolea kuianzisha kazi hiyo kwa Turpin. Alipewa chumba, lakini fedha hakupewa. Alikopa pesa akanunua vyombo vya kioo. Alifuga jogoo ili apate majimaji ya damu yake. Na palipohitajika majimaji ya damu ya mtu, alijitoa damu yeye mwenyewe. Mwaka 1958 alipozikuza seli za mtoto mwenye hali ya Down, kromosomu zikaonekana 47 badala ya 46. Darubini yake haikuweza kupiga picha, kwa hiyo Lejeune akavichukua vioo vyenye seli hizo ili vipigwe picha mahali pengine.

Tarehe 26 Januari 1959 habari hiyo iliwasilishwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Jina la Lejeune lilitangulia, la Gautier likafuata likiwa limeandikwa kwa makosa, na la Turpin likawa la mwisho. Kwa miaka mingi ulimwengu ulimtaja Lejeune peke yake. Gautier alinyamaza muda mrefu, kisha akaja kusimulia habari kwa upande wake. Na mwaka 2014 kamati ya maadili ya taasisi ya utafiti wa afya ya Ufaransa, Inserm, ikaona kwamba katika hatua ya kwanza ya ugunduzi huo huenda sehemu ya Lejeune haikuwa ndiyo kubwa kupita zote. Wapo wanaoipinga hukumu hiyo, wakitaja daftari na barua alizoziacha. Gautier alifariki mwaka 2022. Sisi hatuoni kwamba heshima ya mtu mwema hupungua kwa kumpa jirani yake haki yake. Mwenye kumsifu Lejeune yampasa amsifu na Gautier, kwa kuwa bila mikono ya mama huyo na jogoo wake pasingekuwa na kitu cha kupiga picha.

Je, waligundua nini hasa? Waligundua kwamba mtoto huyu ana kromosomu moja ya ziada, ile ambayo siku hizi huhesabiwa ya 21. Wenzake wanazo mbili za namna hiyo. Yeye anazo tatu. Mara nyingi hutokea hivi: yai la mama linapogawanya kromosomu zake, mbili za namba 21 zilizopaswa kuachana huambatana zikaenda upande mmoja. Mara chache jambo hilo hutokea katika mbegu ya baba. Katika nyumba chache sana kasoro huwa imerithiwa. Chakula hakiwezi kulileta jambo hili, wala woga, wala kazi ngumu ya shambani, wala ulozi. Hakuna mwanamume wala mwanamke awezaye kulitenda kwa kusudi, wala kulizuia kwa kusudi.

Labda mzee mmoja barazani atasema: ikiwa mara nyingi kosa hutoka katika yai, basi mama ndiye mwenye kosa. Asikilize vizuri. Mayai ya mwanamke huumbwa na kuanza kugawanyika yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha hungoja miaka mingi. Ndiyo sababu yai lililongoja miaka 40 hukosea zaidi kuliko lililongoja miaka 20. Kwa mama wa miaka 20 hivi, hupatikana mtoto mmoja mwenye hali ya Down katika watoto 1,500 au karibu na hapo. Kwa mama wa miaka 35, mmoja katika 350. Na kwa mama wa miaka 40, mmoja katika 100. Hata hivyo kina mama vijana ndio wanaozaa zaidi, kwa hiyo watoto wengi wa namna hii huweza kuzaliwa na vijana pia. Mtu hawezi kushtakiwa kwa jambo lililoanza kabla hajazaliwa, wala kwa kuwa na umri aliojaliwa na Mungu.

Baada ya ugunduzi huo Lejeune alipata sifa kubwa. Mwaka 1961 alikuwa mmoja wa wataalamu waliotia sahihi barua ya kuomba lile jina la kuwatukana Wamongolia liachwe, na mwaka 1965 Shirika la Afya Ulimwenguni likaliacha. Mwaka 1962 alipokea tuzo mikononi mwa Rais John Kennedy wa Marekani, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na dada mwenye ulemavu wa akili. Mwaka 1963 alieleza hali nyingine ya watoto inayotokana na kipande kilichopungua katika kromosomu ya 5. Mwaka 1964 akawa profesa wa kwanza wa mafundisho ya urithi wa viumbe katika kitivo cha utabibu cha Paris. Pamoja na heshima hizo aliendelea kuwapokea wagonjwa wake katika hospitali ya Necker, maelfu kwa maelfu, kutoka nchi nyingi. Waliomjua husimulia kwamba alimwita kila mtoto kwa jina lake, akazungumza naye kabla ya kuzungumza na wazazi, kisha akawaeleza wazazi kwa maneno mepesi hesabu ile ya kromosomu, ili warudi kwao bila kushtakiana.

Lakini furaha hiyo ilichanganyika na uchungu. Katika miaka ya 1960 wataalamu walipata njia ya kuyachunguza maji ya tumbo la mama mjamzito, na ile hesabu ya kromosomu iliyokuwa imewafuta kina mama machozi ikaanza kutumiwa kumtambua mtoto kabla hajazaliwa, apate kutolewa. Lejeune aliona kwamba kazi yake imegeuzwa silaha dhidi ya wale aliotaka kuwaponya. Mwaka 1969 alialikwa San Francisco kupokea tuzo kubwa ya wataalamu wa Marekani wa elimu ya urithi. Angeweza kushukuru na kuketi. Badala yake alisimama mbele ya wataalamu wenzake akaitetea haki ya mtoto huyo ya kuishi, akawasihi wasiifanye taaluma yao kuwa ya mauti. Walimsikiliza kwa ubaridi. Katika miaka iliyofuata, Ufaransa ilipokuwa ikiijadili na kisha kuipitisha sheria ya kutoa mimba ya mwaka 1975, alisema hadharani neno lile lile. Marafiki wengi walimwacha, na fedha za utafiti zikapungua. Hakurudi nyuma, wala hakuacha kuwatibu watoto wa wazazi wa dini zote na wasio na dini.

Papa Paulo wa Sita alimwita mwaka 1974 katika Chuo cha Kipapa cha Sayansi. Papa Yohane Paulo wa Pili alimfanya rafiki. Tarehe 13 Mei 1981, siku ile Papa alipopigwa risasi uwanjani mwa Mtakatifu Petro, Lejeune na mkewe walikuwa wamekula naye chakula cha mchana. Mapema mwaka 1994 Papa alimweka kuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Kipapa cha Uhai. Wakati huo kansa ya mapafu ilikuwa imekwisha kumla. Alifariki tarehe 3 Aprili 1994, Jumapili ya Pasaka, majuma machache tu baada ya kupokea kazi hiyo. Mwezi wa Agosti 1997 Papa alikwenda kusali penye kaburi lake huko Chalo-Saint-Mars.

Alikufa bila kuipata dawa aliyoitafuta. Hilo twalisema wazi, maana si haki kuwapa wazazi tumaini la uongo. Lejeune aliamini kwamba kromosomu ya ziada huvuruga kemia ya mwili, na kwamba siku moja uvurugo huo utarekebishwa. Alijaribu dawa za jamii ya foliki. Jaribio lililofanywa kwa watoto wadogo baada ya kifo chake halikuonyesha faida. Hata hivyo swali lake lilikuwa sahihi: kromosomu hiyo ya tatu yafanya nini hasa ndani ya ubongo?

Mfano wa chungu cha mboga waweza kutusaidia. Watu wawili wamepewa kazi ya kutia chumvi, kila mmoja kijiko kimoja, na mboga hukolea vema. Akija wa tatu na kijiko chake, mboga huharibika. Chumvi si sumu, na yule wa tatu hakuleta kitu kigeni. Kilichozidi ni kipimo. Kromosomu ya 21 imebeba jeni zaidi ya 200, yaani maagizo ya kutengeneza protini mbalimbali, na mwenye kromosomu tatu huweza kutengeneza protini hizo kupita kipimo.

Mojawapo ya protini hizo yaitwa APP, nayo hupatikana kwa wingi katika ubongo. Kwa kila mtu protini hiyo hukatwakatwa vipande, na kipande kimoja, kiitwacho amiloidi, kikizidi huganda na kuwa mabonge madogo katikati ya seli za ubongo. Mabonge ya namna hiyo ndiyo aliyoyaona daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906 katika ubongo wa mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, na ugonjwa ukachukua jina lake. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong, huko Marekani, waliitenga amiloidi ya ugonjwa wa Alzheimer, wakaiona ni ile ile iliyomo katika ubongo wa watu wazima wenye hali ya Down. Wakashuku kwamba asili yake imo katika kromosomu ya 21. Mwaka 1987 jeni ya APP ikapatikana papo hapo walipopadhania.

Ushahidi mwingine ukafuata. Mwaka 1998 madaktari walieleza habari za mwanamke mwenye hali ya Down aliyefikisha miaka 78 bila ugonjwa wa Alzheimer. Kromosomu yake ya tatu ilikuwa nusu tu, na ile sehemu yenye jeni ya APP haikuwamo. Mwaka 2006 wataalamu wa Ufaransa walieleza familia chache zisizo na hali ya Down kabisa, ambazo jeni ya APP peke yake ilikuwa imezidi moja. Nao walipatwa na ugonjwa wa Alzheimer mapema. Basi kwa upande wa kusahau uzeeni, kijiko cha chumvi kilichozidi kimekwisha kujulikana. Siku hizi yajulikana kwamba kufikia miaka 40 karibu kila mtu mwenye hali ya Down huwa na mabonge hayo katika ubongo, na wengi wao huanza kupoteza kumbukumbu wanapokaribia au kupita miaka 50.

Kwa upande wa kuchelewa kujifunza utotoni, mambo bado hayajawa wazi hivyo, kwani jeni nyingi hushirikiana. Mwaka 2025 watafiti wa Taasisi ya Salk, California, pamoja na wenzao, walieleza habari ya protini nyingine ya ubongo, iitwayo pleiotrofini, ambayo husaidia seli za ubongo kuunganika. Katika panya waliofanywa kuwa na hali inayofanana na Down, protini hiyo ilikuwa pungufu. Walipoongezewa wakiwa wamekwisha kukomaa, miunganiko ya seli katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka na utendaji wake ukawa bora zaidi. Panya si mtoto, na toka maabara hata zahanati ni safari ndefu. Mzazi akiuziwa leo chupa ya dawa ya kuondoa hali ya Down, ajue ameuziwa uongo. Hata dawa mpya za kuondoa amiloidi, zilizoidhinishwa Marekani tangu mwaka 2023, majaribio yake makubwa hayakuwahusisha watu wenye hali hii, kwa hiyo usalama wake kwao haujathibitishwa.

Sasa turudi Tarime na Serengeti, maana elimu hii ina kazi ya kufanya huko hata kabla dawa haijapatikana. Zamani mtoto mwenye hali ya Down alikufa mapema, kwa moyo au kwa nimonia, na watu wakazoea kumtazama kama mgeni wa siku chache. Katika nchi zenye matibabu mazuri mambo yamegeuka: Marekani mwaka 1983 wastani wa maisha yao ulikuwa miaka 25 hivi, na leo wafikia karibu 60. Hawakuponywa kromosomu, walitibiwa moyo, mapafu, masikio na tezi ya shingo. Hayo yote hata sisi twaweza kuyaanza. Mzazi wa Mara ampeleke mtoto mapema apimwe moyo. Akipewa rufaa, hospitali ya Bugando, Mwanza, huhudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Asingoje mpaka midomo iwe ya buluu. Apimwe pia macho na masikio, kwani wengi wanaoitwa wazito wa kuelewa hawasikii vizuri. Kisha apelekwe shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa haki ya elimu kama mtoto mwingine yeyote wa Tanzania.

Na mtoto huyo akikua, familia isidhani kazi imekwisha. Kijana aliyezoea kuchunga mbuzi, kuchota maji na kuimba kanisani, akifika miaka 45 au 50 aweza kuanza kupotea njia ya kisimani, kukasirika bila sababu, au kuwasahau watu wa nyumbani. Hapo ndipo hatari ya kuzungumza juu ya kulogwa hurudi kwa mara ya pili. Wasomaji wetu wamekwisha kuelezwa sababu: ni protini iliyozidi kipimo miaka yote hiyo, polepole, bila adui yeyote. Hata hivyo wasiharakishe kukata tamaa, kwa maana tezi ya shingo iliyopungukiwa nguvu, au uziwi, huweza kufanana na kusahau, nayo yatibika. Apelekwe kwa daktari kwanza.

Kwa kawaida wakati huo baba na mama wamekwisha kuzeeka au kufariki. Mzigo utakuwa wa kaka, dada na watoto wao. Desturi ya Wakurya, na ya makabila yetu mengi, yajua vema namna ya kugawa mali ya marehemu: ng'ombe huyu kwa fulani, shamba lile kwa fulani. Twawasihi wazee wa koo waizoeze mikutano yao kuamua na jambo hili pia, wazazi wangali hai: ndugu huyu atakaa kwa nani, nani atampeleka hospitali, na ng'ombe yupi awekwe kwa ajili ya matunzo yake. Lejeune na Gautier waliwapa kina mama ukweli wa kuwaondolea lawama. Matunzo ni juu yetu wenyewe, na hayahitaji maabara.